Mgeni Mwenye Daftari: Ulezi wa Biashara Ndogo Unamfaa Nani?

Mwishoni mwa Julai 2025 Serikali ya Tanzania ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15. Kwenye orodha hiyo umo uuzaji wa jumla na rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu, saluni, uongozaji watalii, ununuzi wa mazao shambani na viwanda vidogo. Mgeni atakayetiwa hatiani anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10, kifungo kisichozidi miezi sita, na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Raia atakayemsaidia naye hakusahauliwa: faini yake ni shilingi milioni 5 au jela miezi mitatu.

Baada ya amri hiyo, mgeni anapoonekana ameketi kwenye benchi la mama lishe, kalamu mkononi na daftari magotini, maswali huzuka upesi. Anafanya biashara? Ameajiriwa? Na kama amekuja kujitolea tu, anamfundisha nini mtu aliyelisha familia kwa jiko moja la mkaa kwa miaka kumi?

Maswali hayo matatu huulizwa kwa pumzi moja, na ndipo mkanganyiko unapoanza. La kwanza na la pili ni ya sheria, nayo yana majibu. La tatu ni gumu zaidi, na watafiti wamelihangaikia kwa miaka mingi katika miji kama Nairobi, Kampala, Accra, Lomé na Dar es Salaam. Matokeo yao hayakubaliani yote, lakini ukiyapanga vizuri yanaonyesha njia.

Watu watatu wanaochanganywa

Mgeni wa kwanza ni mfanyabiashara. Amefungua duka au kibanda, ananunua, anauza na faida ni yake. Huyu ndiye anayelengwa na amri ya 2025.

Wa pili ni mwajiriwa. Anahitaji kibali cha kazi chini ya sheria ya mwaka 2015 inayosimamia ajira za wageni, na mwajiri wake lazima aonyeshe kwa nini nafasi hiyo haikupata Mtanzania.

Wa tatu ni anayejitolea. Halipwi mshahara na faida ya duka haimhusu. Kwa upande wa uhamiaji huwekwa kwenye kibali cha ukaazi cha daraja C, kundi linalowachukua pia wanafunzi na watafiti. Kumweleza muuza duka jinsi ya kufunga hesabu za siku si kuendesha duka lake. Mstari unaanza kufutika pale mshauri anaponunua vikapu vya wanawake wale wale anaowalea na kuviuza kwao kwa bei yake, au anapoweka fedha zake kwenye genge na kudai gawio. Hapo ushauri umegeuka biashara, hata kama kila mtu bado anauita msaada.

Asili ya ulezi huu

Ulezi wa biashara kwa kujitolea ulianza kama tawi la jambo kubwa zaidi. VSO ya Uingereza ilianza 1958. Peace Corps ya Marekani ilianza Machi 1961, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kupokea vijana wake mwaka huo huo. Waliokuja walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia; kazi yao ilikuwa barabara na ramani, wala hakuna aliyewatuma kwenye maduka. Japani ilianzisha mpango wake wa vijana wa kujitolea mwaka 1965.

Biashara iliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1968 Ed Bullard, mfanyabiashara wa Marekani aliyekuwa amejitolea katika hospitali moja Ghana, alianzisha TechnoServe akiamini kwamba maskini alikosa maarifa ya uzalishaji na soko kuliko alivyokosa huruma. Uholanzi ikafuata mwaka 1978 na PUM, na Ujerumani mwaka 1983 na Senior Experten Service ya Bonn. Mashirika haya mawili hutegemea zaidi wastaafu: mwokaji mikate aliyefunga tanuri lake, mhasibu aliyemaliza utumishi, fundi wa mashine za maziwa. Marekani nayo, kuanzia 1985, ilikuwa ikiwatuma wakulima na wataalamu wa kilimo kuwashauri wakulima wenzao kupitia mpango uliofadhiliwa na USAID, hadi shirika hilo lilipofungwa mwaka 2025.

Mahitaji upande wa wenyeji hayakuwa ya kubuni. Tanzania iliunda SIDO mwaka 1973 ili kuvihudumia viwanda vidogo kwa mafunzo, zana na mikopo. Miaka karibu 40 baadaye, uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ulihesabu biashara ndogo sana, ndogo na za kati zaidi ya milioni 3, zaidi ya nusu zikiwa za wanawake. Nyingi kati yake ni za mtu mmoja, mwenyewe ndiye mhasibu, mpishi, mfagizi na mlinzi. Hakuna ofisi ya serikali yenye maofisa wa kutosha kukaa na kila mmoja wao kwa saa moja kwa mwezi. Pengo hilo ndilo linalojazwa, au linalodaiwa kujazwa, na mgeni mwenye daftari.

Hoja ya kwanza: mgeni huona kilichozoeleka

Wanaomtetea mgeni wana hoja moja nzito. Mtu aliyezoea kitu huacha kukiona. Katika mtaa wenye maduka kumi yanayouza sukari, sabuni na vocha zile zile kwa bei zile zile, wenye maduka wote wanajua jambo moja, na wote hawajui jambo moja. Anayetoka nje huuliza swali la kijinga, na mara nyingine swali hilo hugusa kiini cha tatizo: kwa nini huuzi kitu ambacho jirani yako hana?

Ushahidi wenye uzito zaidi upande huu umetoka Uganda. Watafiti wakiongozwa na Stephen Anderson waliwapanga kwa kura wajasiriamali 930. Baadhi yao waliunganishwa kwa simu na intaneti na wataalamu wa kujitolea waliokuwa nje ya nchi. Wengine walibaki bila mshauri ili kulinganisha. Mauzo ya mwezi ya waliopata mshauri yalikuwa juu kwa wastani wa asilimia 27.6. Mshauri alipokuwa mtu wa masoko, tofauti ilifika asilimia 51.7. Watafiti wanaeleza kuwa washauri wa masoko waliwasukuma wafanyabiashara wajitofautishe na jirani kwa kubadilisha wanachouza na wanayemlenga.

Jaribio hilo lina mambo mawili yanayostahili kuangaliwa kwa karibu. Kwanza, washauri hawakupanda ndege. Hakuna tiketi, hakuna hoteli, hakuna picha za kuagana uwanjani. Pili, taaluma ya mshauri ilibeba uzito kuliko ugeni wake. Mgeni asiyejua masoko hakuleta matunda sawa na mgeni anayeyajua.

Udhaifu wa hoja uko hapo hapo. Vijana wengi wanaokuja kwa safari fupi za kujitolea ni wanafunzi au wahitimu wa jana ambao hawajawahi kulipa kodi ya pango la duka, na baadhi yao hata hulipa kampuni za safari ili wapewe nafasi ya kusaidia. Jicho jipya wanalo. Cha kupendekeza baada ya kuona ndicho mara nyingi kinachokosekana. Tena wajasiriamali wa Uganda walikuwa na simu, mtandao na lugha ya kuwasiliana na mtaalamu wa nje. Muuza dagaa wa mwaloni ambaye Kiingereza kwake ni cha kwenye mabango hayumo katika hesabu ile.

Hoja ya pili: mwenyeji ndiye mwenye siri ya mtaa

Upande wa pili unasema maarifa yanayomwingizia mtu fedha mtaani hayamo vitabuni. Ni nani anauza unga kwa bei ya chini bila kupunja, dalali gani ni mwaminifu, ofisa gani hupita Jumatano kukagua leseni. Mgeni akikaa miezi mitatu ndipo anaanza kuyasikia, naye tayari ameshafunga begi.

Mtaa wa Dandora, Nairobi, ulitoa ushahidi unaotajwa sana. Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson, katika utafiti uliochapishwa 2018, waliwagawa kwa kura wanawake vijana wenye biashara ndogo katika makundi matatu. Moja lilipelekwa darasani kusoma uwekaji hesabu na mipango. La pili liliunganishwa na wanawake waliofanikiwa kibiashara katika mtaa huo huo, wakakutana mara moja kwa wiki kwa mwezi mmoja. La tatu halikupata kitu. Darasa halikuongeza faida. Waliokutana na walezi wa mtaani walipata faida iliyo juu kwa takriban asilimia 20.

Sababu yake haina utukufu wowote: walipata wauzaji wa jumla wenye bei nafuu. Mlezi alimwonyesha mwenzake pa kununulia mzigo. Hicho ndicho kitu ambacho darasa haliwezi kukigusa, kwa kuwa majibu yake hubadilika kila msimu na kila mtaa.

Nguvu ya mwenyeji inaonekana vizuri zaidi kwenye sahani za mama lishe. Tuseme kwa siku moja ametumia shilingi 29,000: mchele kilo 5 kwa 12,500, maharage kilo 2 kwa 6,000, mafuta, nyanya na vitunguu kwa 6,500, mkaa wa 3,000 na maji ya 1,000. Amepakua sahani 25, kila moja 1,500. Kumi na nane zimelipwa taslimu, nne zimeliwa kwa mkopo na vijana wa bodaboda na mafundi ujenzi, na tatu zimekwenda nyumbani kwa watoto. Jioni kwenye kibubu kuna 27,000.

Mgeni mwenye daftari anaona hasara ya 2,000, na hesabu yake ni sahihi. Ushauri wake unakuja wenyewe: acha kukopesha, acha kupeleka sahani nyumbani. Lakini wale wanne wanakula hapo kwa sababu wanakopeshwa, na wakinyimwa watahamia kwa jirani pamoja na wenzao watatu wanaolipa taslimu. Mlezi wa mtaani hatasema acha. Atauliza ni nani kati ya wale wanne ambaye msimamizi wake hulipa Jumamosi, na ni yupi mwenye deni la wiki tatu. Mmoja atakatwa, watatu wataendelea. Deni la siku hiyo la 6,000 ni sehemu ya mtaji unaozunguka, na sahani tatu za watoto ni chakula cha jioni ambacho vinginevyo kingenunuliwa. Ukiyarudisha hayo kwenye hesabu, siku ilikuwa na ziada.

Mambo ni hayo hayo kwa anayechukua mzigo kwa mali kauli na kulipa akishauza. Mgeni huuliza mkataba uko wapi. Mkataba ni jina lake sokoni, na akilichafua mara moja anakosa mzigo kwa mwaka mzima.

Hata hivyo, mwenyeji ana mapungufu yake. Faida ya Dandora ilififia pale mlezi na mwanafunzi walipoacha kukutana; maarifa ya soko huchakaa, na uhusiano ukikatika hakuna wa kuyafanya mapya. Pia mlezi wa mtaa anaweza kuwa mshindani. Mwenye duka la vitenge hana sababu ya kumwonyesha mwenzake kona nzuri ya Kariakoo ikiwa wote wawili wanauzia wateja wale wale. Tena mwenyeji hufundisha kwa mfano wa alichofanya yeye, na mtaa wote unaweza kuendelea kuuza vitu vilevile kwa bei inayozidi kushuka.

Hoja ya tatu: shida ni mtaji, ushauri ni porojo

Wapo wanaozikataa hoja zote mbili. Kwao, mfanyabiashara mdogo anajua la kufanya, anakosa fedha. Anakopa kausha damu kwa riba inayomnyonya kila wiki, halafu anatumwa semina kujifunza nidhamu ya fedha. Mpe mtaji, wanasema, semina peleka kwingine.

Hoja hii ina msingi katika sera zenyewe. Halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 kwa ajili ya kurekebisha usimamizi wake, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA na upatu navyo vimejengwa juu ya imani hiyo hiyo kwamba kinachokosekana ni fungu la kuanzia. Nchini Rwanda, Craig McIntosh na Andrew Zeitlin walilinganisha mafunzo ya ajira kwa vijana na fedha taslimu za gharama ileile. Fedha zilifanya vizuri zaidi kwenye kipato na matumizi ya nyumbani. Mafunzo yaliongeza ujuzi wa biashara.

Hata hivyo, fedha peke yake nayo haikupita mtihani kila mahali. Huko Accra, Dean Karlan, Ryan Knight na Christopher Udry waliwafuatilia mafundi cherehani 160. Baadhi walipata washauri kutoka kampuni ya kimataifa ya ukaguzi wa hesabu, wengine wakapewa fedha, wengine vyote viwili. Mafundi walianza kuandika hesabu, waliongeza uwekezaji, wakafanya kila walichoelekezwa. Faida haikupanda kwa kundi lolote. Baada ya muda daftari lilirudi kwenye kabati na cherehani ikaendelea kwa mwendo wake wa zamani.

Dar es Salaam ilitoa jibu la katikati. Watafiti watatu wa Norway walifanya kazi na wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya PRIDE Tanzania, mafunzo yakiendeshwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadhi ya wateja wakipewa pia ruzuku. Wanaume waliopata vyote viwili walinufaika waziwazi. Kwa wanawake matokeo yalikuwa madogo mno. Walimu walikuwa Watanzania na somo lilikuwa moja. Kilichotofautiana ni maisha nje ya darasa: fedha ya mwanamke huitwa na ada ya shule, mgonjwa na mchango wa msiba kabla haijazunguka mara mbili. Ushauri usiouliza fedha inakwenda wapi jioni haumfikii, awe ameutoa mgeni au jirani.

Somo la Lomé na Santo Domingo

Kabla ya kupima, kuna swali ambalo pande zote tatu huliruka: ni ushauri wa aina gani? David McKenzie wa Benki ya Dunia alipokusanya majaribio ya mafunzo ya biashara kutoka nchi nyingi mwaka 2021, wastani wake ulionyesha mauzo kupanda kwa asilimia 4.7 na faida kwa asilimia 10.1. Si sifuri, lakini si muujiza. Ndani ya wastani huo kuna tofauti kubwa.

Nchini Togo, jaribio la biashara 1,500 lililochapishwa 2017 lililinganisha mafunzo ya kawaida ya hesabu na masoko na mafunzo yanayomjenga mtu kuanzisha jambo mwenyewe, kutazama mbele na kutokata tamaa. Mafunzo ya pili yaliongeza faida kwa asilimia 30. Ya kwanza hayakuonyesha tofauti ya uhakika. Wakufunzi waliendelea kuwatembelea wafanyabiashara mahali pao pa kazi baada ya darasa kwisha.

Jamhuri ya Dominika ilitoa funzo dogo zaidi. Alejandro Drexler, Greg Fischer na Antoinette Schoar walionyesha mwaka 2014 kuwa kufundisha uhasibu kamili hakukubadilisha kitu, huku kanuni nyepesi, kama vile kuweka fedha ya nyumba na ya biashara kwenye mikoba miwili, zikiboresha uwekaji hesabu. Mama lishe wetu hahitaji mizania. Mikoba miwili inamtosha kuanzia, pamoja na ukurasa mmoja wa wenye madeni.

Je, simu inaweza kufanya kazi hiyo bila mtu? Kenya ilishajaribu. Katika jaribio la wajasiriamali 640, baadhi yao waliunganishwa na mshauri wa akili mnemba kupitia WhatsApp. Kwa wastani hakuna kilichobadilika. Waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo walipanda, na waliokuwa wakiyumba walirudi nyuma zaidi. Wanyonge waliuliza maswali magumu kuliko ambavyo ushauri wa jumla ungeweza kuyajibu, na hapakuwa na mtu wa kuwaambia: hilo usilifanye wewe, kwa sasa.

Gharama zisizoandikwa

Ushauri wa kujitolea huitwa wa bure, ilhali kuna anayelipa. Mwenye duka hulipa kwa muda. Mikutano miwili ya asubuhi kwa wiki ni asubuhi mbili za wateja, na kwa genge la mboga asubuhi ndiyo biashara yenyewe. Shirika mwenyeji hulipa kwa mfanyakazi anayemtafutia mgeni nyumba, kibali na mkalimani. Mkalimani naye hubadilisha maneno: “mzunguko” ukitafsiriwa kama mauzo, mshauri anaondoka akidhani anajua faida.

Kuna bei ya soko pia. Mjini wapo wahasibu wadogo wanaowaandalia wafanyabiashara hesabu za kodi ya makadirio na marejesho ya Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa ada nafuu. Mgeni akifanya kazi hiyo bure kwa miezi mitatu, anamwondolea mhasibu wateja ambao atashindwa kuwapata tena kwa bei ile, halafu mwenyewe anaondoka.

Tena kuna siri. Hesabu za duka hueleza kipato cha mtu, madeni ya majirani na mikopo ambayo mume au mke hajui. Mgeni huweza kuaminiwa upesi kwa sababu hana ndugu mtaani, na hilo ni jema. Lakini akiiweka hesabu hiyo kwenye ripoti ya wafadhili pamoja na picha ya mwenye duka, imani hiyo imetumika bila idhini.

Faida ya upande wa pili isisahaulike. Anayejitolea hurudi kwao akiwa na ujuzi na, pengine, soko. Baadhi ya vyama vya wafinyanzi, wasusi na wakulima wa kahawa vimepata mnunuzi wa nje kwa njia hii. Hapo mgeni ana kitu ambacho mlezi wa mtaani hana kabisa: anajua mteja wa upande wa pili wa bahari anataka nini, kifungashio kiandikwe vipi na bei gani haichekeshi.

Kupima

Ukiziweka hoja tatu pamoja, zinagombana kidogo kuliko zinavyoonekana, kwa kuwa kila moja inajibu swali lake.

Swali likiwa la mtaa, kama vile pa kununulia, wa kumkopesha, au jinsi ya kupata meza sokoni, mwenyeji hana mpinzani. Dandora inatosha kuwa ushahidi. Mgeni akijaribu kuyajibu haya atatumia miezi kujifunza kile ambacho jirani angekisema kwa dakika tano.

Swali likiwa la kujitofautisha, la bidhaa mpya, la teknolojia ya kusindika au la soko la mbali, mgeni mwenye taaluma husika ana nafasi yake, na Uganda imeonyesha kuwa anaweza kuitimiza akiwa kwao. Safari inakuwa na maana pale tu kitu lazima kishikwe: tanuri linalounguza mikate upande mmoja, mashine ya kukamua alizeti inayovuja. Wastaafu wa PUM na Senior Experten Service wana maana kubwa hapo kuliko kijana mwenye shahada na tabasamu.

Swali likiwa la fedha, ushauri usitumike kulifunika. Dar es Salaam ilionyesha kuwa mtaji na maarifa vikienda pamoja vinaweza kumwinua mtu, na pia kuwa havitoshi pale mzigo wa nyumbani unapomeza kila kinachopatikana. Accra inaonya kuwa hata vyote viwili vinaweza kuisha bila alama.

Mpangilio unaoelekea kufaa zaidi, kwa hiyo, unamweka mlezi wa mtaani mbele na mgeni nyuma yake. Mlezi hukutana na mfanyabiashara kila wiki, kwa muda mrefu kuliko mwezi mmoja, naye alipwe posho ili muda wake usiwe sadaka na asione mwanafunzi wake kama mshindani. Mgeni huitwa kwa swali lililoandikwa: tunataka kufungasha karanga zikae miezi mitatu, tufanyeje? Mpango kama huo unagharimu uratibu, na walezi wa kulipwa wanahitaji mfuko. Hauleti pia picha nzuri za kampeni, jambo ambalo kwa mashirika yanayoishi kwa michango si dogo.

Kwa muhtasari

Amri ya 2025 inamlenga mgeni anayefanya biashara. Anayejitolea kushauri yuko chini ya utaratibu mwingine wa vibali, mradi asigeuke mnunuzi, muuzaji au mbia. Kuhusu manufaa, ushahidi wa Afrika unasema hivi: darasa la jumla lina matokeo madogo; mlezi wa mtaani huongeza faida kwa kuonyesha masoko ya bei nafuu, lakini athari yake hudumu kadiri wanavyokutana; mtaalamu wa nje, hasa wa masoko, huongeza mauzo hata kwa simu; na fedha husaidia baadhi ya watu zaidi ya wengine, wanawake wakikabiliwa na vikwazo ambavyo somo la hesabu haliviondoi.

Kwa shirika linalopokea watu wa kujitolea, maamuzi yanabaki matatu. Litaje swali la mfanyabiashara kabla ya kumtafuta mshauri. Lihesabu muda wa mwenye duka kama gharama ya mradi. Tena lihakikishe kuwa mgeni anapoondoka, kuna mtu wa mtaa huo huo ambaye ataketi kwenye benchi lile lile wiki inayofuata na kufungua ukurasa wa madeni pale ulipoishia.